Sahani za Chuma Nyuma ya Magurudumu

Kila siku baada ya masomo, Sara alipitia gereji ya Fundi Chandrakant kabla ya kurudi nyumbani Miyuji. Alikuwa na kazi yake pale. Baba yake, Mzee Damiani, alikuwa dereva wa Landrova ya misheni iliyopeleka dawa vijijini, na kazi ya Sara ilikuwa kupangusa taa na kioo cha mbele kwa kitambaa chenye maji. Alipewa kazi hiyo alipotimiza miaka kumi. Sasa alikuwa na kumi na miwili, na vumbi la Dodoma lilikuwa halijampa likizo hata siku moja.

Ulikuwa mwezi wa Februari, mwaka 1956, Waingereza wakitawala. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, na bonde la Bahi lilikuwa limegeuka tope jeusi. Mara mbili Landrova ilizama kule, ikavutwa na ng'ombe wanane huku wanakijiji wakicheka. Kwa hiyo Mzee Damiani alitafuta tairi pana. Alizipata kutoka kwenye tela kuukuu la mashamba ya karanga ya Kongwa, akampelekea Fundi Chandrakant. Tairi pana haizami upesi, kama vile mtu mwenye miguu mipana asivyozama upesi kwenye matope.

Ijumaa hiyo Sara alimkuta fundi amevaa koti safi, sanduku likiwa miguuni pake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, binti. Umekuja vizuri. Nasafiri kwa treni ya saa kumi, ndugu yangu wa Morogoro anaoza binti yake. Baba yako yuko wapi?"

"Anapakia dawa zahanati. Atakuja kuchukua gari baadaye."

"Basi msubiri hapa hapa, umpe neno langu. Njoo uone."

Fundi alichuchumaa karibu na gurudumu la mbele. Tairi ile ilikuwa nene, imetoka nje ya madigadi kama shavu la mtu mwenye chakula mdomoni.

"Tairi hizi zilikuwa zinakwaruza springi gari likikata kona," alisema. "Kwa hiyo nyuma ya kila gurudumu nimeweka sahani ya chuma, nene kama vidole vitatu, ili gurudumu lisogee nje. Kwenye tope la Bahi baba yako atanishukuru. Kwenye mlima wa mawe atanilaani. Usukani utakuwa mzito, na kila jiwe litampiga mikono."

"Kwa nini, Fundi?"

Fundi hakukasirika kuulizwa. Aliuendea mlango mkubwa wa gereji. "Sukuma hapa," alisema, akionyesha karibu na bawaba. Sara alisukuma kwa mikono miwili. Mlango ulisogea kidogo sana. "Sasa sukuma mwisho wake." Sara aliugusa kwa vidole, mlango ukaenda.

"Umeona? Gurudumu nalo lina bawaba yake. Likikaa karibu na bawaba, jiwe halina nguvu ya kuligeuza. Ukilisogeza mbali, jiwe linasukuma mwisho wa mlango, na dereva ndiye anayesukuma kwenye bawaba. Jiwe litashinda. Mwambie baba yako asipite mlimani na sahani hizi. Akifika mawe yanapoanza, atoe zile mbili za mbele, arudishe magurudumu ndani. Halafu asikate usukani mpaka mwisho, tairi isije ikala springi. Rudia."

Sara alirudia neno kwa neno. Fundi aliridhika, akabeba sanduku lake, akaenda stesheni.

Sara alipangusa taa. Alipangusa kioo. Baba yake hakuja. Kisha akasikia filimbi ya treni ikiingia, na wasichana watatu wa darasa lake wakapita mbio. "Sara, kuna samaki wa Kigoma, na kuna bibi arusi wa Kihindi amevaa dhahabu mpaka puani."

Mzee Damiani alikuwa amemkataza stesheni. Mwaka uliopita mtoto mmoja wa Ipagala alikatwa mguu pale akirukia behewa. Sara alijua amri hiyo vizuri. Alijiambia atakwenda mara moja na kurudi.

Aliporudi, gari halikuwepo.

Jioni, wakila ugali wa uwele na mlenda, baba yake alimwuliza, "Nimechukua gari, nimekuta gereji tupu. Fundi aliniachia neno?"

Sara alitazama chakula. Akisema kuna neno, swali la pili litakuwa, mbona hukunisubiri. Swali la tatu litakuwa, ulikuwa wapi. Na kesho yake alikuwa ameahidiwa kwenda Bahi kumwona bibi yake.

"Hakusema kitu," alijibu. "Alisema liko tayari tu."

"Mbona magurudumu yametoka nje sana?"

"Labda ni unene wa tairi, Baba."

"Labda," alisema Mzee Damiani, akamega tonge.

Uongo ule ulikuwa mdogo kuliko tonge lenyewe. Sara aliumeza, akaenda kulala.

Asubuhi waliondoka kukiwa na baridi kidogo. Kwenye barabara ya mchanga gari lilikwenda vizuri, na Sara akaanza kusahau. Lakini barabara ilipoanza kuteremka kuelekea bonde la Bahi, mawe yalianza. Sara alimwona baba yake akibadilika. Siku zote Mzee Damiani aliendesha kwa vidole, dole gumba likiwa juu ya usukani, halijazunguka. Alimfundisha Sara sababu yake tangu zamani: usukani wa gari la porini hupiga, na dole gumba lililozungushwa ndani huvunjika. Sasa alikuwa ameukumbatia usukani kama mtu anayemzuia mbuzi asikimbie. Jasho lilimtiririka shingoni.

Gurudumu la kulia likagonga jiwe. Usukani ulizunguka kwa nguvu, ukampiga. Mzee Damiani alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Gari liliyumba kuelekea kwenye ukingo, akalirudisha.

Alisimamisha gari, akautazama mkono wake wa kulia. Dole gumba lilikuwa limeanza kuvimba.

"Umeumia, Baba?"

"Si kitu." Alilifunga kwa leso. Kisha akasema kwa sauti ya chini, akitazama mbele, "Mikono imezeeka, Sara. Usukani umenishinda. Usimwambie mtu. Dereva mwenzangu Elieza alisema mgongo unamuuma, leo yuko kwao anachunga mbuzi. Bwana Daktari wa misheni akijua, na mimi nitaachishwa."

Neno la fundi lilimjia Sara mpaka kwenye ulimi. Angeweza kulitoa pale pale. Lakini sasa lilikuwa limekua. Jana lingekuwa neno tu. Leo lilikuwa na dole gumba la baba yake ndani yake. Aliogopa, akanyamaza, na gari likaendelea kuteremka, hatua kwa hatua, mpaka chini.

Kwenye tope la Bahi tairi zile zilifanya kazi kama bata. Watu waliozoea kucheka walisimama kimya. Mzee Damiani hakufurahi. Alishusha dawa kwa mkono mmoja.

Hawakufika hata kwa bibi. Mtunza dawa wa kijiji alikuja mbio. Mwanamke mmoja aitwaye Scolastika alikuwa na uchungu wa uzazi tangu juzi, mtoto hatoki, na mkunga alikuwa amesema kazi hiyo imepita uwezo wake. Mgonjwa alitakiwa afikishwe hospitali ya mjini kabla ya jua kuchwa.

Mzee Damiani aliutazama mlima. Kisha aliutazama mkono wake. Sara aliona.

"Mleteni," alisema.

Walimlaza Scolastika nyuma ya gari juu ya godoro la majani. Mume wake, Methodi, mkulima mrefu mwenye maneno mengi, alipanda kando yake. Sara naye aliwekwa nyuma, akishikilia kichwa cha mgonjwa kisigongwe. Mgongoni mwao, upande wa magharibi, wingu jeusi lilikuwa linapanda. Mvua ikiwakuta kwenye mlima ule, hakuna atakayepita.

Mawe yakaanza. Kila gurudumu lilipogonga, Sara alisikia usukani ukilia na baba yake akivuta pumzi. Gari lilikwenda kushoto, likarudi, likaenda kulia. Upande wa kulia palikuwa na ukuta wa mwamba. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu, ila vilele vya miti iliyoota chini kabisa.

"Gari lenu lina kichwa kama punda wa mjomba wangu," Methodi alisema. "Mzee, unaliendesha au linakuendesha?"

Akajaribu kucheka, kicheko hakikutoka.

Scolastika alifumbua macho. Uso wake ulikuwa na rangi ya jivu. Alimshika Sara mkono. "Binti, huyu dereva ni baba yako?"

"Ndiyo, Mama."

"Anaijua njia hii?"

"Anaijua sana."

"Basi tutafika," alisema Scolastika, akafumba macho tena, kwa sababu alimwamini.

Sara alikuwa amefungua mdomo kusema, ndipo gurudumu la kushoto lilipogonga jiwe kubwa kwenye kona.

Usukani ulimponyoka Mzee Damiani. Gari lilijigeuza lenyewe kuelekea kushoto, kwenye vilele vya miti. Sara aliona anga badala ya barabara. Baba yake alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, gari likateleza juu ya kokoto, likasimama. Injini ikazimika. Jiwe moja lilibingirika kutoka chini ya tairi ya mbele, likaanguka. Walingoja muda mrefu kabla ya kusikia limefika.

Mzee Damiani alirudisha gari nyuma taratibu mpaka likakaa barabarani, akavuta breki ya mkono, akashuka. Alikaa juu ya jiwe. Dole gumba lilikuwa limekuwa jeusi.

"Siwezi," alisema. "Methodi, kaka yangu, nisamehe. Nilificha. Mkono wangu umeumia tangu asubuhi, na nguvu zimeniisha. Nikiendelea nitawaua."

"Twende kwa miguu? Na huyu?" Methodi aliuliza. Sasa hakukuwa na utani katika sauti yake.

Sara alishuka. Alimwogopa baba yake, alimwogopa Methodi, aliliogopa korongo, lakini zaidi ya yote aliogopa kuona mzee yule akijiona mnyonge kwa kosa ambalo si lake.

"Baba, si mikono yako," alisema. "Ni magurudumu. Fundi alisema. Aliniambia jana nikwambie, nikaenda stesheni kutazama treni, halafu nikakudanganya."

Mzee Damiani alimtazama. "Alisema nini?"

Sara alisimama wima kama yuko darasani, akalisema lote: sahani za chuma, jiwe linalosukuma mwisho wa mlango, sahani mbili za mbele zitolewe, usukani usikatwe mpaka mwisho. Machozi yalimtoka lakini hakuruka neno.

Methodi alishika kiuno. "Mtoto huyu alikuwa na neno hilo tangu jana? Mke wangu anakufa hapa, naye alikuwa analo mdomoni?"

"Utagombana naye baadaye, na mimi pia," alisema Mzee Damiani. Alikuwa amekwisha kuinuka. "Sasa lete mawe uzuie magurudumu ya nyuma. Sara, toa jeki."

Walimshusha Scolastika, wakamlaza kwenye kivuli cha mwamba. Mzee Damiani hakuweza kushika spana kwa mkono ule, kwa hiyo Methodi ndiye aliyelegeza nati, na Sara alizipokea katika sketi yake akizihesabu. Gurudumu lilipotoka waliiona. Ilikuwa sahani ya chuma, nene kama vidole vitatu, imekaa kimya mahali pake. Mzee Damiani aliitoa, akaitazama, akaitupa nyuma ya gari. Ikalia kama kengele.

"Ndiyo hii iliyokuwa inanipiga," alisema.

Walitoa na ya pili. Upande wa magharibi radi ilinguruma. Scolastika alikuwa anaita jina la mume wake kwa sauti iliyozidi kupungua.

Mzee Damiani alipokaa kwenye usukani na kuuzungusha, uso wake ulibadilika. Usukani ulikuwa bado na uzito, maana tairi zilikuwa pana, lakini ulisikia. "Umerudi," alisema, kama anazungumza na ng'ombe aliyepotea.

Ilibaki shida ya pili. Kona za mlima zilikuwa kali, na tairi pana sasa zilikuwa karibu na springi. Akikata usukani mpaka mwisho, tairi ingechanika. "Nahitaji mtu wa kutazama," alisema. "Atembee mbele, upande, aangalie chini ya madigadi. Mimi sioni kutoka hapa."

"Nitakwenda mimi," alisema Sara.

"Ukikosea, tairi inapasuka, na tuko ukingoni."

"Sitakosea. Na nikiwa sioni vizuri, nitasema sioni."

Baba yake alitikisa kichwa kukubali.

Walimrudisha Scolastika kwenye godoro garini, wakapanda hivyo. Kwenye kila kona Sara alitembea kinyumenyume upande wa mwamba, ameinama, macho kwenye nafasi iliyo kati ya tairi na chuma. Nafasi ilipobaki upana wa kidole alisema, "Basi, Baba." Mzee Damiani alisimama. Methodi, aliyefuata nyuma kwa miguu, aliweka jiwe nyuma ya gurudumu. Gari lilirudi kidogo, likakata tena, likaenda mbele. Kona moja iliwachukua mara tatu. Safari moja vumbi lilimwingia Sara machoni, akasema, "Sioni," na gari likasimama mpaka alipojifuta. Usukani ulipiga mara kwa mara, kama unavyopiga siku zote mawe yakiwa mengi, lakini Mzee Damiani aliushika kwa viganja, madole gumba yakiwa juu, naye alikuwa bwana wake.

Tone la kwanza la mvua liliangukia boneti walipofika juu. Walifika hospitali jua likiwa bado halijazama. Wauguzi walimchukua Scolastika kwa machela, mlango ukafungwa.

Walikaa barazani. Methodi hakumtazama Sara. Sara alitazama miguu yake iliyojaa vumbi na akafikiri kwamba mlango ule ukifunguka na habari mbaya, hataweza tena kupangusa kioo cha gari lolote. Saa moja ilipita, ndefu kuliko mlima.

Mlango ulifunguliwa na muuguzi mnene mwenye mikono ya gauni iliyokunjwa. "Methodi ni nani? Una mtoto wa kike. Mama amepoteza damu nyingi, lakini yuko hai. Mngechelewa kidogo tu, nisingekuwa na la kukwambia."

Methodi alifunika uso. Kisha alinyanyuka, akaja mbele ya Sara. "Kidogo kile ulikichukua wewe jana," alisema, "na ukakirudisha leo. Sijui nikushukuru au nikuchape." Akamwekea mkono kichwani, akaingia ndani.

Mzee Damiani hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Daktari, akamwonyesha dole gumba, akaeleza yote. Bwana Daktari alilifunga kwa kijiti, akampa majuma matatu ya kupumzika, akasema dereva anayesema ameumia anamfaa kuliko anayeficha. Hakuachishwa kazi. Sara hakupigwa. Lakini kwa majuma yale matatu alikata kuni na kuteka maji, kazi zote za mkono wa kulia wa baba yake, na stesheni hakuisogelea.

Fundi Chandrakant aliporudi kutoka Morogoro alizikuta sahani zote nne mezani mwake, hata zile za nyuma, na Sara amesimama karibu nazo. Alisimulia mwenyewe. Hakumwachia baba yake.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Hakutabasamu.

"Na mimi nina kosa," alisema. "Sikupaswa kuliacha gari katika hali ile bila kumwona dereva. Niliharakia arusi." Alichukua sahani moja, akampa Sara aishike. Ilikuwa nzito. "Sikiliza, binti. Chuma hiki hakikuwa kibaya. Kwenye tope kiliwasaidia. Kilikuwa hatari kwa sababu aliyeshika usukani hakujua kipo. Baba yako alificha dole lake, wewe ukaficha neno langu, na kila siri ililisogeza gurudumu mbali zaidi na mikono yake. Ukiogopa, sema ukiwa unaogopa. Ukingoja woga uishe, utakuta gari liko ukingoni."

Mzee Damiani, aliyekuwa mlangoni, mkono ukiwa bado na kijiti, aliongeza, "Na ningekuchapa kwa stesheni, Sara. Uongo wako haukukuokoa na kitu ila viboko viwili."

"Najua, Baba."

"Vizuri. Taa zina vumbi."

Sara alichovya kitambaa kwenye maji, akaanza kupangusa. Alipomaliza, Fundi Chandrakant alimwita. Alikuwa ameweka springi nyingine kwenye Landrova, na kulikuwa na neno la kumpelekea dereva mwingine wa misheni aliyeshika zamu ya baba yake, kule zahanati. Alilisema mara moja tu. Hakumwambia arudie.

Sara aliweka kitambaa chini, akaenda mbio.